Vitabu vya Kujisaidia: Je, Kusoma Kwaweza Kutuliza Moyo?

Apitaye katika barabara za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi hakosi kuona vitabu vimepangwa juu ya turubai kando ya njia. Pamoja na vitabu vya masomo na vya hadithi, pana vingine ambavyo majalada yake hutoa ahadi kubwa: hiki kitakufundisha kuishinda hasira, hiki kitakuondolea woga wa kusimama mbele za watu, hiki kitakupatia marafiki. Wanunuzi wake wengi ni vijana, wala si ajabu. Umri wa shule ya sekondari ni umri ambao hisia huwaka kwa ghafla, na ambao neno moja la mwenzio bwenini laweza kukukosesha usingizi.

Mtu akitaka kuuza kidonge cha kutuliza moyo, sheria humtaka kwanza athibitishe kwamba kidonge hicho kinafaa na hakidhuru. Auzaye kitabu cha kutuliza moyo haulizwi lolote. Walakini swali hilo ni la haki, tena laweza kujibiwa, kwa kuwa tangu miaka ya 1970 wanasaikolojia wamekuwa wakivipima vitabu vya namna hii kwa njia ile ile inayotumika kupima dawa.

Jibu lao, kwa ufupi, ni hili: baadhi ya vitabu hivi hufaa kweli, lakini hufaa kwa kadiri msomaji anavyoyatenda mazoezi yaliyomo, na mazoezi hayo hutendwa zaidi pale ambapo yupo mtu wa kumwulizia hali. Jambo hili lina uzito katika shule zetu. Mwalimu mmoja wa ushauri nasaha aghalabu huwa na mamia ya wanafunzi. Naye mwanafunzi aliyejaribu kitabu akashindwa hujilaumu mwenyewe, ilhali yamkini kosa ni la kitabu, au la namna alivyoachiwa kitabu peke yake.

CHIMBUKO LA VITABU HIVI

Mashauri juu ya namna ya kuishi ni ya kale katika kila lugha. Katika Kiswahili tunao mfano ulio maarufu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alimtungia utenzi binti yake Mwana Hashima. Ndani yake alimuusia mambo ya dini, adabu ya ulimi, na jinsi ya kukaa na watu nyumbani na nje. Mama huyo alikuwa mgonjwa, akafariki yapata mwaka 1860. Katika karne iliyofuata Shaaban Robert naye aliwatungia watoto wake tenzi za mashauri, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume.

Mwaka mmoja tu baada ya utenzi wa Mwana Kupona, yaani mwaka 1859, Samuel Smiles, mtu wa Uskoti, alichapisha nchini Uingereza kitabu alichokiita Self-Help, maana yake kujisaidia. Jina hilo limekuwa jina la aina nzima ya vitabu. Asili yake ilikuwa hotuba alizowapa vijana wafanyakazi wa mji wa Leeds, ambao walikuwa wakikutana jioni kufundishana. Kadhalika Dale Carnegie wa Marekani, aliyeandika mwaka 1936 kitabu mashuhuri cha jinsi ya kupata marafiki na kuwavuta watu, alikuwa amekwisha kufundisha watu wazima mjini New York tangu mwaka 1912 namna ya kuzungumza mbele za hadhara. Mashauri yake yalikuwa yamejaribiwa kwanza na wanafunzi wa darasa lake.

Msomaji aangalie jambo moja linalofanana katika mifano hii. Mashauri haya yote yalizaliwa mahali penye watu: mama na binti, baba na wanawe, vijana wa jioni, darasa la watu wazima. Yalipochapwa kitabuni yalisafiri mbali, lakini mtu aliyekuwa kando ya msikilizaji alibaki nyuma. Tutaona hapo mbele jinsi sayansi ilivyolazimika kumtafuta tena mtu huyo.

WAZO, HISIA NA TENDO

Vitabu vya zamani vilitegemea busara na tabia njema. Vile vilivyokuja kupimwa na wanasayansi vimejengwa juu ya nadharia iliyokua katika miaka ya 1950 na 1960, hasa kwa kazi za Albert Ellis mjini New York na Aaron Beck mjini Philadelphia. Beck, daktari wa maradhi ya akili aliyefariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 100, aligundua kwamba wagonjwa wake wenye huzuni nzito, au sonona, walikuwa na mawazo mafupi yaliyojileta yenyewe na kupita upesi, ambayo wenyewe hawakuyaona kuwa ni mawazo. Waliyachukua kuwa ndiyo hali halisi ya mambo.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Kidato cha Pili. Mwalimu anarudisha karatasi za mtihani wa Hisabati, naye amepata alama 38 kati ya 100. Wakati huo huo wenzake wawili walio nyuma wanacheka. Mara moja linamjia wazo: wananicheka mimi, mimi ni mjinga, sitafaulu kamwe. Uso unamwaka kwa aibu, kisha kwa hasira. Anageuka na kuwatukana. Tangu siku ile hagusi daftari la Hisabati, na katika mtihani unaofuata anapata alama 25. Sasa anaona wazo lake limethibitika.

Katika mfano huu yamo mambo manne: tukio, wazo, hisia na tendo. Watu wengi hudhani kwamba tukio ndilo lililozaa hisia moja kwa moja. Beck na Ellis walisema kwamba kati ya tukio na hisia limekaa wazo, na kwamba wazo hilo laweza kukaguliwa. Je, alijuaje kwamba wanamcheka yeye? Huko ni kusoma mioyo ya watu. Alama moja mbaya yathibitishaje ujinga? Huko ni kuona mambo kuwa ama yote ama hapana. Na neno "kamwe" amelitoa wapi? Huko ni kutabiri mabaya bila ushahidi.

Kukagua wazo si kujidanganya kwamba mambo ni mazuri. Alama 38 ni mbaya na itabaki kuwa mbaya. Lakini wazo lililokaguliwa huweza kusomeka hivi: "Nimeshindwa maswali ya aljebra, yale ya jometri nimeyapata, wanaocheka sijui wanacheka nini." Wazo hili halileti furaha. Linaacha tu nafasi ya kufanya jambo la maana, yaani kwenda kuuliza aljebra.

Kutokana na nadharia hii vilitungwa vitabu vyenye mazoezi ya kuandika: msomaji huchora safu katika daftari, akaandika tukio, wazo, ushahidi wa kulikubali, ushahidi wa kulikataa, na hisia yake baada ya hapo. Kilichopata kujulikana zaidi ni kile cha daktari David Burns, Feeling Good, kilichotoka Marekani mwaka 1980.

VITABU VYAPIMWA KAMA DAWA

Kusifu kitabu kwa sababu msomaji mmoja alipona hakutoshi, maana huzuni nyingi hupungua zenyewe kwa kupita kwa siku. Ndiyo sababu watafiti huwagawa watu kwa kura katika vikundi viwili. Kimoja hupewa kitabu mara moja. Kingine hungoja na kukipata baadaye. Ikiwa waliopewa kitabu watapata nafuu kuliko wanaongoja, tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa kupita kwa siku peke yake.

Mwanasaikolojia Forrest Scogin wa Chuo Kikuu cha Alabama alifanya majaribio ya namna hii. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1995, yeye na mwenziwe Christine Jamison waliwashirikisha watu wazima 80 wenye sonona ya kiasi. Waliopewa kitabu cha Burns kwa majuma manne walipata nafuu iliyo wazi kuliko waliokuwa wakingoja. Mwaka 1997 Pim Cuijpers wa Uholanzi alikusanya pamoja majaribio sita ya aina hii, akaona kwamba kwa wastani vitabu vilileta nafuu isiyotofautiana sana na ile ya kuonana na mganga wa nafsi.

Matokeo haya ni ya kutia moyo, lakini yasomwe kwa uangalifu. Majaribio yalikuwa machache. Walioshiriki walijitokeza wenyewe, na hali zao hazikuwa mbaya kupita kiasi. Tena hawakuachwa peke yao kabisa: katika majaribio ya Scogin, watafiti waliwapigia washiriki simu fupi kila juma kuulizia hali zao. Yule mtu wa kando, ambaye kitabu kilimwacha nyuma, alikuwa amerudi kwa njia ya simu.

WOGA WA NYOKA NA MKATABA WA ZAWADI

Funzo kubwa kuliko yote limetokana na majaribio madogo juu ya woga wa nyoka. Katikati ya miaka ya 1970 Gerald Rosen na wenzake nchini Marekani walitunga kijitabu cha kumwongoza mtu kuushinda woga huo bila mganga. Njia yenyewe ilikuwa imekwisha kujulikana kuwa yafaa: mtu hujifunza kulegeza misuli ya mwili, hupanga ngazi ya mambo yanayomtisha, kuanzia lile dogo hadi kubwa, kisha huyawaza moja baada ya jingine akiwa ametulia, wala hapandi daraja la pili kabla la kwanza halijazoeleka.

Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1976 waliokamilisha kijitabu walipunguza woga wao kwa kiasi kikubwa. Tatizo lilikuwa moja: nusu tu ya waliokitumia nyumbani peke yao ndio waliokikamilisha. Basi Manuel Barrera na Rosen wakafikiri namna ya kukiboresha. Wakaongeza sehemu iliyomtaka msomaji afanye mkataba na nafsi yake, ajiahidi zawadi kila amalizapo hatua. Wazo hilo lilikubaliana na elimu ya wakati ule, na mtu yeyote angelidhani lingesaidia. Walipokipima kijitabu kipya mwaka 1977, hakuna hata mmoja kati ya waliokitumia peke yao aliyekikamilisha. Kutoka nusu, idadi ilishuka hadi sifuri.

Kama kijitabu hicho kipya kingalichapishwa bila kupimwa, wasomaji wangalikinunua, wangaliacha katikati, na kila mmoja angalijiona kuwa ni mvivu au mwoga asiye na dawa. Rosen aliendelea kwa miaka mingi kuwaonya wanasaikolojia wenzake wasiuze vitabu wasivyovipima, hata kama njia iliyomo ndani yake imekwisha kuthibitika kliniki. Dawa iliyo mikononi mwa mganga na dawa hiyo hiyo iliyo kitabuni ni vitu viwili, na kila kimoja chahitaji kupimwa kwake.

MASHAURI MAWILI YALIYOSHINDWA MTIHANI

Yapo mashauri yanayorudiwa katika vitabu vingi ambayo majaribio yameyakanusha. La kwanza ni lile lisemalo kwamba hasira ni kama mvuke ndani ya chungu: usipoitoa italipuka, basi piga mto au gunia mpaka iishe. Mwaka 2002 Brad Bushman, akiwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, alichapisha jaribio la wanafunzi 600. Kila mmoja aliandika insha, kisha akarudishiwa maoni makali ya kuidharau. Kikundi cha kwanza kilipiga gunia la mazoezi huku kikimfikiria aliyeidharau insha. Cha pili kilipiga gunia huku kikifikiria afya ya mwili. Cha tatu kilikaa kimya dakika chache. Waliopiga gunia huku wakimfikiria mtu ndio waliobaki na hasira nyingi na ukali mwingi kuliko wote. Waliokaa kimya walikuwa na ukali mdogo kuliko wote. Waswahili husema hasira hasara; jaribio hili laongeza kwamba kuifanyia hasira mazoezi ni kuilisha.

Shauri la pili ni kujisifu kwa kurudiarudia maneno mazuri. Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, pamoja na wenzake, waliwataka washiriki wajiambie kwamba wao ni watu wa kupendeka. Wale waliojithamini tangu mwanzo walipata faida ndogo. Lakini wale waliojidharau, ambao ndio shauri hilo linawalenga, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakujiambia kitu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba neno lililo mbali mno na imani ya mtu huamsha ubishi moyoni: mtu hujiambia "napendwa", na papo hapo akakumbuka kila siku aliyokataliwa. Hapo ndipo tofauti na njia ya Beck inapoonekana. Njia ile humtaka mtu atafute ushahidi. Hii humtaka amwamini mwandishi.

JE, KITABU HUFUNZA KUISHI NA WATU?

Walimu wa fasihi watauliza: je, riwaya haziwezi kumfunza kijana kuwaelewa wenzake? Mwaka 2013 David Kidd na Emanuele Castano walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kusoma kifungu kifupi cha hadithi ya kifasihi huongeza papo hapo uwezo wa kutambua hisia za watu wengine. Habari hizo zilienea duniani. Watafiti wengine waliporudia majaribio hayo katika miaka iliyofuata, wengi hawakuyaona matokeo hayo. Mwaka 2018 majaribio 14 yalipojumlishwa, faida iliyoonekana ilikuwa ndogo sana. Riwaya zina thamani yake, lakini ukurasa mmoja hauwezi kumgeuza mtu tabia.

Kuishi na watu ni stadi, kama kushona au kuogelea. Kitabu chaweza kueleza mwendo wa mikono majini. Kuogelea hujifunzwa majini. Wazee walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Hata hivyo zipo stadi ambazo kitabu chaweza kuzieleza vema, na mwanafunzi akazifanyia mazoezi siku hiyo hiyo. Mojawapo ni kusikiliza, kama ilivyofundishwa na mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers. Sharti lake ni rahisi kulitamka na gumu kulitimiza: katika ubishi, usitoe jibu lako kabla hujayarudia maneno ya mwenzio kwa maneno yako mwenyewe, naye akakubali kwamba ndivyo alivyokusudia. Mabwenini, ambako ugomvi wa ndoo ya maji huweza kudumu muhula mzima, zoezi hili lastahili kujaribiwa.

MAJARIBIO YA AFRIKA YA MASHARIKI

Msomaji ana haki ya kuuliza kama mambo yaliyopimwa Alabama na Iowa yanatuhusu. Kwa bahati njema sasa yapo majaribio yaliyofanyika kwetu.

Nchini Kenya, Tom Osborn na wenzake walibuni mafunzo yaitwayo Shamiri, kutokana na neno letu kushamiri. Hayazungumzii maradhi. Yanamfundisha mwanafunzi mambo matatu: kwamba uwezo na tabia ya mtu huweza kubadilika kwa juhudi, namna ya kutambua mambo ya kushukuru, na namna ya kuyafuata yale anayoyathamini. Mwaka 2020 walichapisha jaribio la wanafunzi 103 waliosoma na kuandika mazoezi haya kwenye kompyuta kwa kikao kimoja tu, wakilinganishwa na wenzao waliojifunza mbinu za kusoma. Baada ya majuma mawili dalili za sonona zilikuwa zimepungua zaidi kwa waliofanya mazoezi ya Shamiri. Mwaka 2021 wakachapisha jaribio la wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Safari hii mafunzo yalitolewa katika vikundi, kikao kimoja kwa juma kwa majuma manne, na viongozi wake walikuwa vijana waliomaliza sekondari karibuni. Vikundi vyote viwili vilipata nafuu, lakini cha Shamiri kilipata zaidi.

Huko Uganda, Shirika la Afya Duniani lilishiriki katika jaribio la wanawake 694, wakimbizi kutoka Sudan ya Kusini, katika makazi ya Rhino Camp. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Kwa kuwa si wote wanaojua kusoma, mashauri yalirekodiwa yakasikilizwa katika vikundi, na kila mtu akapewa kitabu cha picha. Vikao vilikuwa vitano, vikiongozwa na wanawake waliopata mafunzo mafupi, wala hawakuwa waganga. Zoezi mojawapo ni la kurudisha fikira mahali ulipo wakati hisia zinapovuma: kuvuta pumzi taratibu, kuhisi nyayo zilivyokanyaga ardhi, kutazama yaliyo mbele ya macho. Zoezi hilo haliondoi hisia. Humpa mtu uwezo wa kuendelea na kazi zake wakati hisia ipo. Miezi mitatu baadaye dhiki ya waliopata mafunzo ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao.

Katika majaribio ya vikundi, Kenya na Uganda, maandishi au sauti iliyorekodiwa ilibeba mafunzo, lakini palikuwapo na mtu wa kawaida wa kuongoza. Ndivyo ilivyoonekana pia Glasgow, Uskoti, mwaka 2013, ambapo wagonjwa 281 wenye sonona walihusishwa katika jaribio la kitabu pamoja na mikutano mifupi mitatu au minne na msaidizi. Waliopewa kitabu na msaidizi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida peke yake.

KITABU KITUMIKEJE?

Kutokana na hayo, mwanafunzi atakaye kutumia kitabu cha kujisaidia afuate mambo haya:

1. Achague kitabu kinachoshughulikia tatizo moja lililo wazi, kama vile woga wa mitihani au hasira. Kitabu kinachoahidi kutibu kila kitu kwa siku chache kisiaminiwe.

2. Atazame kama kina mazoezi. Kitabu kisichomtaka msomaji ashike kalamu aghalabu huacha faraja ya jioni moja.

3. Aandike. Si lazima awe na kitabu chake. Daftari la kawaida latosha, mradi lifichwe mahali salama.

4. Asome sura moja, kisha akae nayo juma zima akitenda lililomo, kabla ya kugeukia sura ya pili.

5. Atafute mtu mmoja amwaminiye, awe mwenzake, dada, kaka au mwalimu, ambaye kila juma atamwuliza swali moja: umefanya zoezi? Si lazima mtu huyo ajue siri iliyoandikwa.

6. Baada ya majuma manne ajipime. Ikiwa hakuna nafuu, aache kitabu hicho bila kujilaumu, akatafute msaada mwingine.

Mwalimu naye aweza kufanya mengi kwa gharama ndogo. Tangu mwaka 2013 maktaba za Uingereza zimekuwa na orodha ya vitabu vilivyochaguliwa na wataalamu, ambavyo daktari huweza kumwandikia mgonjwa akaviazime. Shule yaweza kuwa na rafu yake, hata ya vitabu vitano, vilivyosomwa kwanza na walimu, na vingine viwe vya Kiswahili, maana mtu hukagua mawazo yake vizuri zaidi kwa lugha anayowazia.

MIPAKA YA KITABU

Ipo hali ambayo kitabu hakitoshi. Mwanafunzi aliyepoteza usingizi au hamu ya kula kwa zaidi ya majuma mawili, anayejitenga na wenzake wote, anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au anayepigwa na kudhulumiwa nyumbani au shuleni, ahitaji mtu na si ukurasa. Anayedhulumiwa, hasa, asifundishwe kutuliza hasira yake wakati dhuluma inaendelea. Lililo la kwanza ni kuikomesha dhuluma.

Mwanafunzi akionyesha dalili za kutaka kujidhuru au kutamani kufa, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo kwa mganga au hospitalini. Baadhi ya walimu huogopa kumwuliza waziwazi wakidhani watamtia wazo hilo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo: kuuliza kwa upole na kwa maneno ya wazi hakumtii mtu wazo la kujiua, na mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kulisema lililomlemea.

ZOEZI KWA DARASA

Darasa la sayansi laweza kuligeuza somo hili kuwa kazi ya vitendo bila kugusa siri za mtu yeyote. Kila kikundi cha wanafunzi wanne kilete kitabu au gazeti lenye mashauri ya maisha, kichague dai moja, kisha kijibu maswali haya. Dai lenyewe linasema nini hasa? Likiwa kweli, tutaona badiliko gani, na baada ya siku ngapi? Tutalipimaje badiliko hilo? Nani watapewa shauri, na nani watangoja? Kura itapigwaje? Ni jambo gani jingine, kama vile kwisha kwa mitihani au kufika kwa likizo, laweza kuleta badiliko hilo hilo na kutudanganya?

Kikundi kikishindwa kupata njia yoyote ya kulipima dai lake, basi kiandike hivyo, na kiwaeleze wenzao sababu. Hilo nalo ni jibu, na mnunuzi wa kitabu kando ya barabara angefaidika kulijua kabla hajatoa fedha zake.